Kila mtu kamaliza kazi yake, kazi yenyewe haijaisha: yaliyotukuta kwenye chumba baridi cha samaki

Mgosi wa Saiti (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Nipo Tanga, Makorora, umeme umekatika, simu ina asilimia 60. Nikasema ngoja nishushe huu uzi kabla sijasahau. Ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Mimi ni msimamizi wa saiti, mwaka wa 14 huu. Nimepita kwenye madarasa, visima, ghala la mkonge, zahanati mbili. Miradi mikubwa siizungumzii. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani lina wenyewe. Nazungumzia hii yetu ya watu kumi, kumi na wawili, ambayo gari ni moja na linabeba nondo, mhasibu na mchele wa mafundi kwa safari moja.

Mwaka jana tulipewa kujenga chumba baridi na kufunga mashine ya barafu kwenye diko moja, yaani pale vyombo vinaposhusha samaki, upande wa Mkinga. Jina la diko, la mfadhili na la kampuni nayaacha, watu bado tunasalimiana. Tulikuwa 11: mimi, fundi mkuu wa ujenzi, fundi umeme, fundi majokofu, fundi maji, mchoraji, mnunuzi, mhasibu, dada wa mafunzo ya vikundi, dereva, na meneja wa mradi aliyekuwa anakuja kutoka Dar.

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi kikao. Meneja anafungua jedwali lake kwenye kompyuta, lina mistari 34, kila mstari una jina la mtu na rangi. Kijani uko sawa, njano jieleze, nyekundu utapigiwa simu usiku. Nakumbuka mwezi wa sita jedwali lilikuwa kijani kama shamba la mpunga. Ujenzi asilimia 90, umeme 85, maji 100, mafunzo 100. Meneja akapiga picha, akaituma kwa wakubwa, tukanywa soda.

Sasa siku ya majaribio.

Ilikuwa bamvua. Kwa wasio wa pwani: siku za bamvua maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na huku kwetu kupwa lenyewe linaangukia kwenye saa tatu, saa nne asubuhi. Vyombo vimerudi, bahari imekwenda zake, ngalawa zimekaa juu ya tope kule mbali, jua limeshaanza kuuma. Wachukuzi wanatembea na kreti begani kutoka huko.

Wa kwanza kufika ni kijana mmoja mwembamba, maji ya samaki yanamchuruzika mpaka kiunoni. Akaja moja kwa moja kwenye jengo. Mbele yake ukuta mtupu wenye bango la mfadhili, rangi bado inanuka. Akaweka kiganja ukutani, akakitembeza, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akauliza, "Mlango uko wapi?"

Fundi ujenzi akamwambia, "Zunguka."

Mlango ulikuwa upande wa barabara. Kuzunguka kwenyewe ni kupita kati ya ukuta na msingi wa tangi la maji, njia ya mtu mmoja. Wakikutana wawili, mmoja anarudi kinyumenyume na kreti yake. Yule kijana alizunguka mara ya kwanza, mara ya pili akatukana, mara ya tatu akaitua kreti chini ya mti wa mkungu, pale akina mama walipoweka friji bovu walilolilaza chali na kulijaza barafu ya kununua mjini. Wenzake wakamfuata. Mpaka adhuhuri kreti 26 zilikuwa zimeshuka. Zilizoingia kwenye chumba chetu ni nne.

Nikasema basi angalau barafu ipo. Fundi majokofu akafungua mashine. Ilikuwa imetoa kitu laini, chenye majimaji, ukikibana mkononi kinabonyea. Nikaonja. Chumvi! Maji ya kisima cha pale ni ya chumvichumvi, na ndiyo yaliyovutwa kwenye jengo.

Naendelea chini, ngoja nimtafutie mtoto mshumaa.

Kiti cha Mbele

Nimekaa hapa. Shusha vitu.

Mtoto wa Barabara ya 12

Hahaha, "maji 100." Endelea mkuu, mimi nimefanya kazi na hilo jedwali, ila letu lilikuwa la bluu.

Mgosi wa Saiti

Nimerudi. Nilitaka kumgombeza mtu, wallahi. Nikakosa wa kumgombeza.

Mchoraji akatoa karatasi: hadidu za rejea zinasema mlango uelekee barabarani ili gari lipakie kwa urahisi. Ni kweli zimeandikwa hivyo. Fundi maji mkataba wake unasema maji yafike kwenye jengo. Yamefika. Hakuna mstari unaosema yawe matamu. Fundi majokofu kazi yake ni mashine iwake. Inawaka, inanguruma vizuri tu. Dada wa mafunzo aliwafundisha wanakikundi mwezi wa nne kama kalenda inavyotaka, mashine ikawashwa mwezi wa nane. Katika wale sita waliofundishwa kuiendesha, wawili walikuwa wamekwenda dago (kambi ya uvuvi) Pemba na mmoja kaoa akahamia Pangani.

Yaani mvivu hakuna. Mwizi hakuna (safari hii!). Kila mtu kajibu swali lake vizuri na ana karatasi ya kuthibitisha. Samaki ndiye aliyekosa mtu.

Hapo ndipo kilipoingia kitu ambacho mimi nilikuwa sijakiona miaka yote. Tukisema timu imepoteza mwelekeo, tunadhani watu wanazembea, tunaita semina, tunawapa fulana. Mtu kazini hafuati lengo lililobandikwa ukutani. Anafuata kile anachojua ataulizwa Jumatatu. Sisi tulimuuliza kila mmoja asilimia zake, akatuletea asilimia zake. Tungemuuliza kuhusu samaki angetuletea habari za samaki.

Palikuwa na mzee mmoja nahodha mstaafu amekaa kwenye gogo anatutazama tunavyooneshana karatasi. Akasema, "Nyie wanangu, kwenye chombo kuna mshika usukani, kuna mshika demani, kuna mtoto anafua maji. Kazi mbalimbali. Lakini hata huyo anayefua maji ukimuuliza mnakwenda wapi atakwambia Wete. Nyie nikimuuliza huyu ananiambia nyaya, huyu ananiambia zege."

Tukakaa chini ya mkungu hapo hapo, na wachukuzi na akina mama wa friji bovu. Kufika saa tisa tulikuwa na sentensi moja: *Samaki akigusa mchanga, nusu saa isiishe hajaingia kwenye barafu.* Fundi umeme akaiandika kwa rangi iliyobaki kwenye kipande cha mbao, tukakipigilia mlangoni.

Sentensi peke yake haifanyi kitu, nchi hii nzima imejaa kaulimbiu. Kilichobadilika ni kikao. Tulipokutana Jumatatu yake jedwali halikufunguliwa kwanza. Swali la kwanza likawa, "Kreti ikishuka leo, itakwama wapi?" Na anayejibu hajibu kuhusu kazi yake, anajibu kuhusu ya mwenzake. Fundi umeme ndiye aliyeona kwamba sakafu ya mlango mpya ingeteleza, kwa sababu yeye alishaanguka pale na drili mkononi. Fundi ujenzi hakuwa amewaza kabisa, yeye anavaa buti.

Jedwali halikufa, meneja analihitaji kwa wakubwa zake na mimi simlaumu. Likawa linafunguliwa mwishoni, dakika kumi. Na anayekwama anasema siku anayokwama. Zamani tulikuwa tunaficha mpaka Jumatatu tupate njano ya heshima.

Mlango wa pili ulikatwa upande wa bahari. Mafunzo yakarudiwa wiki mashine ilipokaa sawa, watu wakiwa na mikono kwenye mashine. Leo hii chumba kinajaa. Maswali karibu, ila matusi subirini umeme urudi.

Bomba la Inchi Mbili

Mkuu mimi ni fundi maji, nimeumia kwa niaba ya mwenzangu. Maji mlitatuaje? Usiniambie mvua.

Mgosi wa Saiti

Mvua na boza. Paa letu lina mita za mraba 120, kwa hiyo kila milimita moja ya mvua ni lita 120. Ikinyesha milimita 50, unapata lita 6,000 ukitoa zinazomwagika. Mashine inatoa tani moja ya barafu kwa siku, ni lita 1,000 na ushee. Masika na vuli unapumua. Kaskazi ikianza kuvuma, paa ni pambo, unaita boza.

Mtumishi Mwema

Umenigusa, mleta uzi. Sisi wa serikalini tumejaza OPRAS tangu 2004, kwa Kiswahili wakaiita MWAMTUKA, Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi. Siku hizi ni PEPMIS, unajaza kwenye mtandao. Nia ni nzuri, malengo yangu yatoke kwenye malengo ya idara, ya idara yatoke kwenye ya taasisi. Lakini idara yetu tupo saba, na kila Juni ulikuwa unaona watu saba wamejifungia wanaandika malengo ambayo wana uhakika wameshayatimiza. Sijawahi kuona hata mmoja anamuuliza jirani yake ameandika nini. Mimi mwenyewe niliandika "kuandaa taarifa 4" miaka mitatu mfululizo. Niliziandaa. Aliyezisoma simjui.

Mpiga Debe Mstaafu

Jamani tuseme ukweli. Lengo la pamoja, mshahara wa mmoja mmoja. Bosi anapata asilimia yake mradi ukifungwa, mimi napata elfu kumi na tano kwa siku mradi *usipofungwa*. Ukiniambia tumalize mapema kwa ajili ya samaki unaniambia nijifukuze kazi. Hapo hata uniletee nahodha, uniletee na jahazi lenyewe.

(Halafu kila uzi wa Tanga lazima chombo cha baharini kitokee, hamchoki?)

Mgosi wa Saiti

Mpiga Debe umegonga kwenye mfupa. Vibarua wa kutwa hilo swali sikuwatatulia, nakiri. Kwa mafundi tuliongea na meneja, ile bahasha ya mwisho wa kazi haikulipwa siku ya kukabidhi funguo. Ililipwa baada ya wiki moja kamili ya chumba kutumika. Wote kwa pamoja, au hakuna. Wiki ile ungemkuta fundi umeme ameshika ufagio. Lakini kibarua ameshaondoka zake na elfu kumi na tano yake, ni kweli.

Chombo nakiacha, mwambie mzee.

Msimbo na Maandazi

Mimi ni wa programu za kompyuta, nafanyia kazi nyumbani hapa Sahare. Kuna kitu kimoja mmekipita haraka. Timu ya watu 11 ina njia 55 za mawasiliano kati ya mtu na mtu. Hesabu ni 11 mara 10 gawa kwa 2. Mkiwa watano ni njia 10 tu. Kuna Mmarekani anaitwa Fred Brooks, alisimamia kazi kubwa ya programu pale IBM, mwaka 1975 aliandika kwamba mradi wa programu uliochelewa ukiuongezea watu unauchelewesha zaidi, kwa sababu wageni lazima wafundishwe na njia za kuongea zinazidi. Mabosi wetu mpaka leo mradi ukichelewa wanaleta vijana wanne wapya Ijumaa jioni.

Kwa hiyo mimi nisingeanza na sentensi, ningeanza na kupunguza. Dereva ana haja gani na kikao cha Jumatatu?

Mgosi wa Saiti

Dereva ndiye aliyetuambia gari la samaki haliwezi kugeuka pale mlangoni bila kuingia kwenye shamba la watu. Alilisema mwezi wa tatu, kwa mpishi. Hakuwa mjumbe wa kikao.

Msimbo na Maandazi

Nimefuta kauli.

Bint Pongwe

Naomba niongee na mie. Ni katibu muhtasi kwenye mradi wa kilimo, sisemi wapi. Ugonjwa wetu sisi ni makundi ya WhatsApp. Tuna saba. La mradi, la mradi bila bosi, la mafundi, la usafiri, la chakula, la harusi ya mhasibu (ameshaoa, kundi bado lipo), na moja linaitwa "Rasmi" ambalo hakuna anayeandika. Wiki iliyopita ramani ya mfereji ilitumwa kati ya picha ya keki na tangazo la msiba. Watu kumi na tatu waliandika "Innalillahi." Hakuna aliyefungua ramani, mfereji ukachimbwa kwa ramani ya zamani, mita sitini zikafukiwa upya.

Nilichofanya nimechukua daftari, counter book ya kawaida, nimelifunga kwa kamba kwenye meza ya mlangoni. Jambo likibadilika linaandikwa mle, aliyelisoma anatia saini. Wananiita Bi Daftari. Sijali. Tangu liwepo, hakuna aliyesema "mimi sikuambiwa."

Mgosi wa Saiti

Bi Daftari shikamoo. Hili naliiba kesho.

Makumbusho Kichwani

Wana Tanga mna mfano mkubwa kuliko wote na mmeukalia. Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi kutoka India, watu kama 8,000, kuja kuuchukua mji huu. Upande wa Wajerumani walikuwa kama 1,000 tu na ushee kidogo. Jeshi la nchi kavu lilitaka kushtukiza. Lakini mkuu wa meli ya kivita alikuwa anajali mapatano ya awali ya kutoupiga mji, basi Novemba 2 akaingia bandarini mchana kweupe kuwaarifu kwamba mapatano yamekwisha, jisalimisheni. Wajerumani hawakujisalimisha, kamanda wao Lettow-Vorbeck akaleta askari wake kwa treni kutoka Moshi. Siku mbili baadaye Waingereza wakapigwa, nyuki wakamalizia kwa kuuma pande zote, wakarudi melini wakaacha hata bunduki zao.

Yule wa meli alitimiza wajibu wake kikamilifu. Kwenye jedwali lake ilikuwa kijani.

Mtoto wa Barabara ya 12

Hii ya nyuki babu alikuwa anatuhadithia, nilidhani chai.

Stakabadhi

Nimesoma uzi wote mara mbili. Mimi ndiye mnunuzi.

Mgosi umesimulia vizuri, ila umeruka mahali. Siku mliyokaa chini ya mkungu mimi na mhasibu tulikuwa mjini, tunafukuzana na muuza mabomba aliyetupa risiti mbovu. Hakuna aliyetupigia. Kesho yake naletewa karatasi ya kununua mlango wa chumba baridi, ule mnene wenye sponji ndani na mpira pembeni, siyo wa seremala. Nikauliza fungu gani. Nikaambiwa "samaki." Nikasema samaki siyo fungu. Siku tisa mkawa mnasema manunuzi yanakwamisha, hata meneja akanipigia usiku.

Sikukwamisha. Kubadilisha matumizi kunataka barua ya mfadhili, niliiandika siku ile ile, ikajibiwa siku ya nane. Hiyo sentensi yenu mimi niliiona kwenye mbao wiki mbili baadaye nilipoleta saruji. Nilidhani ni tangazo la bei.

Na boza unalolitaja kwa mstari mmoja, nani analilipa? Nendeni mkamuulize mweka hazina wa kikundi kaskazi imekaaje.

Kiti cha Mbele

Uwiii. Naongeza maji ya chai.

Mgosi wa Saiti

Dah. Kaka, sina la kujitetea. Nimeusoma huu ujumbe nikatoka nje kidogo.

Ni kweli hatukuwapigia. Kikao cha chini ya mti kilikuwa cha waliokuwepo, na mimi nikakihesabu kuwa cha timu. Na kwenye simulizi yangu hapo juu, watu, nimesema "mlango wa pili ulikatwa" kama vile ulijikata. Barua yake ndiyo iliyoukata. Bila ile barua tungekuwa na tundu ukutani mpaka leo, na kuku wamelala humo.

Boza pia kweli. Kikundi kinatoza kila kreti inayolala humo, na miezi ya kaskazi hiyo pesa inaishia kwenye boza karibu yote. Tangi la pili la kuvunia mvua tuliliomba kwenye awamu mpya. Wewe ndiye ulilitia kwenye bajeti, na mimi nilikuwa sijui kwa nini mpaka sasa hivi.

Stakabadhi

Nililitia kwa sababu ya maboza. Nilikuwa na risiti zote mbele yangu. Mngeniuliza ningewaambia mwezi wa nane.

Bint Pongwe

Daftari.

Bomba la Inchi Mbili

Swali la mwisho la kifundi kabla hamjakumbatiana: milango miwili kwenye chumba baridi, baridi haiponyoki?

Mgosi wa Saiti

Inaponyoka, ndiyo maana yapo mapazia ya plastiki ya vipande kote kuwili, na haifunguliwi yote kwa wakati mmoja. Wakati wa kushusha unafunguliwa wa bahari, wakati wa kupakia wa barabarani. Ufunguo ni mmoja tu, unatembea na mtu mmoja, mama mmoja kati ya wale wa friji bovu. Friji lenyewe bado lipo chini ya mkungu, analitumia kuweka madaftari ya watoto.

Simu imebaki asilimia nne. Stakabadhi, Jumatatu nitakupigia saa mbili kasoro, nikuweke kwenye spika hata kama upo dukani. Mhasibu naye.

Stakabadhi

Piga saa mbili kamili. Saa mbili kasoro nipo kwenye pikipiki.